"A" au "The"? Mbona Tunajua!

Nina miaka 30, nasomea uhandisi, na bado vijineno viwili vya Kiingereza vimenitoa jasho. Msimamizi alinirudishia sura ya pili ya tasnifu ikiwa nyekundu tupu. Nilikuwa nimeandika "We found the crack in the beam". Akauliza: ufa upi? Hujautaja popote! Ingekuwa ripoti ya daraja, mkaguzi angedhani ni ule ufa wa zamani anaoujua, angepita tu. Kumbe ni mpya.

Tunasema Kiswahili hakina "a" wala "the". Kweli, lakini maana yake tunayo. Linganisha:

"Nimeona ufa": habari mpya, "I have seen a crack".
"Nimeuona ufa": ule tunaoujua, "I have seen the crack".

Hiyo "u" ndogo ndiyo mwalimu wako. Ila kwa watu haisaidii, maana "nimemwona mtu" tunasema hata tusipomjua.

Basi kabla ya kuandika jiulize: msomaji anajua ni kipi? Hajui, na ni kimoja: "a". Anajua, au umeshakitaja: "the". Kisichohesabika, au vingi kwa ujumla, acha vitupu: "Steel expands when heated", "Bridges need inspection". Na "an" hufuata sauti, si herufi: "an hour", "a university", "an MSc".

Sura ya tatu ilirudi na alama nne tu. Jaribuni na nyie, jamani, kabla msimamizi hajashika kalamu.