Magenge ya Wizi wa Mifugo Turkana na Hoja ya Vifungo Virefu: Maswali na Majibu

Kwa nini sheria haina adhabu kali kwa magenge ya wizi wa mifugo?

Barua kadhaa za Lodwar, Lokichar na Kainuk zinauliza jambo hilihili, nazo zinajibiwa pamoja. Adhabu kali ipo. Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010, ambayo hulihesabu kuwa genge kundi la watu 3 au zaidi wanaoshirikiana kwa muda ili kutenda makosa makubwa, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15, na mtu akifa kutokana na uhalifu huo, kifungo cha maisha.

Miaka ikiongezwa, uvamizi hautakoma?

Hautakoma, na dhana hii imepotosha wengi mno. Anayepanga uvamizi hapimi tofauti ya miaka 15 na 30, bali hupima uwezekano wa kukamatwa, jambo ambalo Cesare Beccaria wa Italia alilieleza tangu mwaka 1764. Na uwezekano huo ni mdogo pale ambapo nyayo huanza kufuatwa mifugo ikiwa imekwisha kupakiwa kwenye lori. Hata mshukiwa akikamatwa, mahakama haifungi mtu kwa tetesi: ni lazima ithibitishwe kwamba ng'ombe aliyepatikana ni wa mlalamikaji, na uthibitisho huo hutokana na alama ya moto ubavuni na mkato wa sikio, ambavyo hupaswa kupigwa picha na kuwekwa kwenye jalada kabla mnyama hajarudishwa malishoni. Picha ikikosekana, na mchungaji aliyeshuhudia akiwa amehama kufuata maji siku ya kesi, mshtakiwa huachiliwa, kisha lawama humwangukia hakimu. Operesheni Maliza Uhalifu ya Februari 2023 ilileta wanajeshi Turkana, lakini mwanajeshi hafanyi kazi ya mpelelezi, na kupuuzwa kwa upelelezi kunawagharimu wafugaji uhai wao.

Je, wakimbizi wa kambi ya Kakuma wana sheria yao wakishukiwa kwa wizi huu?

Hawana, sheria ya jinai ni moja kwa kila aliyeko Kenya.

Mshukiwa akitoka kwa dhamana, si ameshahonga?

Dhamana ni haki iliyo katika Ibara ya 49 ya Katiba, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kuinyima, na kesi huendelea.

Aliyeibiwa afanye nini?

Aripoti kituoni siku ileile, ataje alama za mifugo yake moja baada ya nyingine, na asiondoke bila nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yake katika kitabu cha matukio.