Mkaguzi wa Chama Chenu Aliona Pesa, au Aliona Karatasi Tu?

Disemba ikikaribia, vyama vingi hujiandaa kugawana. Tuseme chama chenu kina watu 20, kila mmoja akituma 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 480,000. Siku ya mkutano mweka hazina anatoa stetimenti, mkaguzi anaipitia haraka, anaweka sahihi, watu wanapiga makofi. Lakini kuna aliyehakikisha kwamba pesa iko?

Swali hilo liliangusha Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani. Ilidai ina euro bilioni 1.9 kwa benki za Ufilipino. Juni 2020 wakaguzi wake, EY, walikataa kupitisha hesabu za 2019. Benki zikasema stakabadhi zilizoonyeshwa ni ghushi, na siku chache baadaye kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Hesabu za miaka ya nyuma zilikuwa zimepitishwa na wakaguzi haohao. Mwaka wa 2023 msimamizi wa wakaguzi huko Ujerumani aliwatoza faini ya euro 500,000.

Maadili ya wahasibu duniani yana misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, ujuzi na uangalifu, kutunza siri, na mwenendo unaoheshimu taaluma. Hapa Kenya, mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK akivunja maadili anaweza kuadhibiwa. Mkaguzi wa chama mara nyingi si mhasibu, lakini misingi ni ileile:

1. Asiwe mtu wa karibu. Mkaguzi asiwe mweka hazina mwenyewe, wala bibi yake, ndugu yake au mtu anayemdai.

2. Aone chanzo. Skrinshoti na PDF zinaweza kubadilishwa. Mweka hazina aombe stetimenti hapohapo mkaguzi akiangalia. Na kumbuka: mkaguzi hahitaji PIN ya mtu yeyote.

3. Alinganishe. Kila muamala una namba yake ya kipekee. Achague michango 10 bila mpango, kisha awaombe wenye michango wafungue meseji zao. Namba, tarehe na kiasi vifanane.

4. Atunze siri. Akijua mama fulani amechelewesha mkopo, habari hiyo ibaki kwa kikao, isifike saluni.

5. Akubali kusema "bado". Kama ushahidi haujatosha, asitie sahihi kwa sababu watu wana haraka au anaona haya. Aandike kile alichokosa kuona. Sahihi yake ndiyo wenzake wanaitegemea.

Wengi huogopa kuuliza wasionekane wanamshuku mtu. Kumwambia mweka hazina "tuone pamoja" si kumwita mwizi. Mweka hazina mwaminifu ndiye anafaidika zaidi, kwa sababu maneno ya pembeni yanaisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza: hata daftari likiwepo, lazima mtu alisome.