Tambi Ziivazo Upesi

Siku hizi madukani huuzwa tambi kavu zilizofungwa katika pakiti, nazo huiva kwa dakika tatu tu. Wengi wetu twawapa watoto wetu, lakini ni wachache wajuao zimetengenezwaje. Basi, na tujifunze.

Asili yake ni Japani. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, watu wa huko walipatwa na njaa. Momofuku Ando alisimulia ya kuwa aliwaona wakingoja kwa mstari mrefu katika baridi, ili wapate bakuli la tambi za moto. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Hata mwaka 1958, katika mji wa Ikeda, akapata njia: tambi zilizokwisha kuiva kwa mvuke zikaangwe katika mafuta. Ndipo maji yaliyomo hutoka na kuacha vitundu vidogo vidogo. Kwa sababu ya ukavu huo haziharibiki upesi. Tena maji ya moto huingia katika vitundu vile, zikalainika mara.

Lakini angalieni chumvi! Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Someni maandishi ya pakiti. Penye neno sodiamu, zidisheni hesabu yake kwa 2.5, mtapata chumvi. Kama pakiti nzima ina sodiamu miligramu 1,600, basi chumvi yake ni gramu 4. Je, mtoto akila pakiti mbili, amekula ngapi?

Na tupike hivi:

1. Chemsha maji, utie karoti na mchicha uliokatwakatwa.

2. Vunja yai, ulikoroge ndani mpaka liive.

3. Tia tambi, ungoje dakika tatu, kisha epua.

4. Tia nusu tu ya viungo vya unga, wala usiongeze chumvi. Mwenye shinikizo la damu na aviache kabisa, kwa maana tambi zenyewe zina chumvi.

5. Mchuzi usinywewe wote.

Wepesi wa chakula hiki ni msaada kwa mama aliyerudi shambani amechoka. Lakini tambi peke yake hushibisha tumbo tu; yai na mboga ndivyo vijengavyo mwili wa mtoto. Yatupasa kuvitia vyote katika sufuria moja.