Mguu Mtupu Kazini



Muhula uliopita mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alituagiza sisi wanafunzi wa darasa la juu tuchague kila mtu jambo moja la afya, tulichunguze katika vitabu na katika kazi za watu, kisha tuliandike kwa lugha ambayo mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza ataielewa. Mimi nimechagua jambo la kufanya kazi pekupeku. Si jambo geni. Ashukaye kutoka vilima vya Kampala hata mabondeni atawaona wafyatua matofali, wapagazi wa sokoni, waosha magari na wazibuaji wa mifereji, na wengi wao hawana kitu miguuni. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Yeye hufyatua matofali, na sehemu ya ada yangu ya shule hutoka katika matofali hayo. Kwa hiyo sikulichagua jambo hili ili kuwacheka wasio na viatu.

Ninalotaka kulionyesha ni hili: kiatu cha kazini si pambo. Ni chombo cha kazi, kama vile jembe au kalibu ya matofali, nacho chapaswa kuhesabiwa pamoja na vyombo hivyo.

Mambo ya zamani

Yafaa kwanza tutazame nyuma kidogo, tupate kujua kwa nini watu wengi hukiona kiatu kuwa pambo. Katika siku za ukoloni kwenda pekupeku kazini mara nyingi hakukuwa hiari ya mtu. Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walikwenda katika vita vya 1914 hadi 1918 wengi wao miguu mitupu, hali maofisa wao wa Kizungu wamevaa buti. Watumishi wa nyumbani walivalishwa kanzu nyeupe safi, lakini chini ya kanzu miguu ilikuwa mitupu. Basi kiatu kikawa alama ya bwana, na mguu mtupu alama ya mtumishi. Mtu akipata viatu aliviweka kwa siku kuu. Fikira hiyo haijatutoka. Mpaka leo yuko mtu mwenye viatu vizuri vya kwendea kanisani au msikitini, naye Jumatatu huingia shimoni pekupeku ili visichafuke.

Lakini mguu mtupu una sifa zake pia, na haifai kuuficha ukweli. Mwaka 1956 timu ya mpira ya Uganda ilizuru Uingereza, na watu wa huko wakastaajabu kuona wachezaji wetu wakicheza bila viatu. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Rome pekupeku, akapata nishani ya dhahabu. Wanaoisimulia habari hii mara nyingi huishia hapo. Mwaka 1964, mjini Tokyo, Bikila huyo huyo alikimbia akiwa amevaa viatu, akashinda tena, na kwa muda mfupi kuliko ule wa Rome. Tena hatusemi neno juu ya kuvua viatu nyumbani, msikitini, au katika makaburi ya Kasubi, ambako ni desturi na heshima. Hatari haimo katika mguu mtupu wenyewe. Imo katika kile mguu unachokikanyaga, na muda unaokaa ndani yake.

Maadui wanne wa unyayo

Adui wa kwanza ni minyoo ya safura. Mayai yake hutoka katika choo cha mtu mgonjwa. Yakianguka juu ya udongo wenye unyevu na kivuli hupasuka, na baada ya siku 5 hata 10 watoto wa minyoo huwa tayari kuingia mwilini mwa mtu, nao ni wadogo hata jicho haliwezi kuwaona. Hupenya ngozi ya mguu, hasa katikati ya vidole, wakachukuliwa na damu mpaka moyoni, kisha mapafuni. Hapo hupanda kooni, mtu akawameza bila kujua, wakashuka utumboni. Huko hukua hata urefu wa sentimita 1 hivi, wakajishikiza kwa meno au makali ya kinywa na kunyonya damu. Mgonjwa hupungukiwa damu, akawa mchovu na kupumua kwa shida, na mara nyingine wenziwe humwita mvivu. Aliyegundua kuwa minyoo hii hupita katika ngozi ni mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, aliyekuwa Cairo. Maji yenye watoto wa minyoo yalimdondokea mkononi, ngozi ikamwasha, na baadaye akayaona mayai yao katika choo chake mwenyewe. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1898.

Adui wa pili ni funza. Yeye ni kiroboto. Jike lake hujichimbia katika ngozi ya mguu, likavimba kwa mayai hata kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Hapa kwetu ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini; mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1910 haukumkuta tena mgeni, na hata mwaka 2010 aliwatesa sana watu wa Busoga, hata serikali ikatangaza vifo.

Adui wa tatu ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Msumari au kipande cha chupa kikitoboa unyayo huviingiza ndani, mahali pasipo hewa, navyo hutoa sumu ikazayo misuli. Taya hufunga na mwili hupindika. Jeraha lenyewe laweza kuwa dogo mno.

Adui wa nne ni udongo wenyewe, na huyu ndiye tutakayekaa naye zaidi.

Habari ya Kamwenge

Sote tumesikia juu ya matende, ugonjwa wa kuvimba miguu uletwao na minyoo ya mbu. Lakini yako matende mengine yasiyoletwa na mbu wala mnyoo. Katika miaka ya 1970 daktari mpasuaji Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha kuwa watu waliovimba miguu katika nyanda za juu walikuwa wakulima waliotembea miaka mingi pekupeku juu ya udongo mwekundu utokanao na mawe ya volkano. Chembe ndogo sana za madini ya udongo huo hupenya ngozi, zikaingia katika mishipa ya limfu ipitishayo maji ya mwili, zikaiumiza na kuiziba. Baada ya miaka mguu huvimba, na ngozi yake huwa ngumu. Price aliuita ugonjwa huu podokoniosisi, jina litokanalo na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mguu na vumbi. Haupati kila mtu, kwa kuwa baadhi ya watu huzaliwa na miili iliyo rahisi kudhurika. Wala hauambukizi hata kidogo. Hata hivyo wagonjwa hutengwa, wakadhaniwa wamelogwa.

Mwaka 2015 katika wilaya ya Kamwenge, magharibi ya Uganda, walionekana watu wengi waliovimba miguu. Kwanza ilidhaniwa ni matende ya mbu. Wachunguzi walikwenda, wakawapata wagonjwa 52, lakini vipimo havikuonyesha ile minyoo. Ndipo walipowalinganisha wagonjwa na majirani wazima: hawa hufanya nini ambalo wale hawalifanyi? Majibu mawili yalitokea wazi. Kwanza, wasiovaa viatu kamwe wakati wa kazi walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Pili, walioosha miguu jioni, siku ikiisha, walikuwa katika hatari kuliko walioosha mara tu baada ya kazi.

Tafadhali msomaji, lisome tena jambo hilo la pili. Watu wote wale waliosha miguu. Tofauti ilikuwa saa. Udongo uliokaa juu ya ngozi tangu mchana hata jioni ulipata nafasi ya kufanya kazi yake.

Udongo wa Kampala si wa volkano kama ule, basi sisemi kwamba mfyatua matofali wa hapa atavimba miguu kwa ugonjwa huo. Lakini njia ya kujikinga ni moja kwa safura, funza na majeraha pia: ufunike mguu wakati wa kazi, na uuoshe mapema.

Kwa nini hawavai?

Wengi wetu tulio shuleni hujibu upesi kwamba ni ujinga. Nilimwuliza baba mdogo, naye aliacha kalibu yake, akanijibu bila kukasirika.

"Mwanangu," alisema, "buti la mpira hunyonywa na tope. Ukivuta mguu, mguu watoka, buti labaki. Tena unyayo ndio jicho langu. Nikikanyaga udongo nalihisi jiwe dogo kama punje ya mahindi. Likibaki, tofali litapasuka tanurini, na hasara ni yangu."

Nikamwuliza juu ya kuchimba, kubeba na kupanga tanuri, ambako hakuna haja ya kuhisi kitu.

"Huko viatu vingefaa," alisema. "Lakini mwenye shimo hutupa sepetu, kalibu na toroli. Viatu asema kila mtu ajitafutie. Jozi moja ni mapato yangu ya siku tatu. Siku hizo tatu watoto wale nini?"

Nilifanya hesabu. Mwaka juzi baba mdogo alikanyaga kipande cha chupa shimoni, kidonda kikaoza, akakaa nyumbani wiki 5. Kwa siku 6 za kazi kila wiki, hizo ni siku 30. Kwa bei ya siku 3 kwa jozi moja, mapato aliyoyakosa yangenunua jozi 10 za buti, kabla hatujahesabu dawa. Muhula huo mdogo wangu hakwenda shule. Mwenye shimo naye alikosa mfyatuaji wake hodari kwa wiki 5, na tanuri likachelewa. Basi aliyeokoa bei ya jozi moja hakuokoa kitu.

Sheria nayo haiko kimya. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, wasema kuwa hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Uganda inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, ambayo humpa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Lakini shimo la matofali bondeni halina ofisi wala karatasi ya mkataba, na mara nyingi hakuna anayekwenda kuikumbusha sheria huko.

Yafaayo kutendwa

1. Kazi igawanywe. Kuchimba, kubeba na kuchoma kufanywe kwa viatu vigumu. Kukanyaga udongo kwaweza kufanywa pekupeku, lakini vigae na chupa viokotwe kwanza, na mwenye jeraha mguuni asikanyage.

2. Penye ukavu, kama sokoni na njiani, hata lugabire, yaani ndara za matairi, hufaa. Huzuia miiba na vigae. Hazizuii tope wala maji machafu. Huko kwahitajiwa gambuti.

3. Maji na sabuni viwe hapo hapo penye kazi. Miguu ioshwe mara kazi inapokwisha, ikaushwe vizuri katikati ya vidole, isingoje jioni.

4. Kuwe na choo karibu na kila mahali pa kazi, maana bila choo safura haitakwisha hata watu wote wakivaa viatu.

5. Kila afanyaye kazi ya udongo au ya vyuma apate chanjo ya pepopunda, na akumbuke kuirudia. Mafundi wa kuchomelea, kama wale wa Katwe, wana sababu moja zaidi: kiatu kikavu chenye soli ya mpira huzuia cheche, na husaidia umeme usipite mwilini kwenda ardhini.

6. Wafanyakazi wa mahali pamoja waweza kuchanga kidogo kila wiki na kununua jozi kwa zamu, huku wakiendelea kumwomba mwajiri kwa umoja. Mmoja akiomba peke yake huonekana mkorofi. Kumi wakiomba husikilizwa.

Habari hizi za Kamwenge nilimsomea baba mdogo na wenzake wakati wa chakula cha mchana. Waliuliza maswali mengi, hasa juu ya ile saa ya kuosha. Tangu wiki ile limewekwa jerikeni la maji na kipande cha sabuni kando ya shimo, nao huosha kabla ya kuondoka. Juu ya viatu, wamekubaliana kumwendea mwenye shimo wote pamoja mwisho wa mwezi. Jibu lake bado halijatoka.

Maswali kwa wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili

1. Kwa nini choo ni kinga ya safura kama vile kiatu kilivyo kinga?

2. Watu wa Kamwenge waliosha miguu. Kwa nini baadhi yao hawakupona na hatari?

3. Nyumbani kwenu au jirani yenu, ni nani afanyaye kazi pekupeku? Mwulize sababu yake kwa adabu, uiandike kama atakavyoisema, kisha ufanye hesabu yake kama nilivyofanya mimi.