Kwa Nini Kipimo Kimoja cha Kalori Hakiwafai Wote

Tuchukue mfano wa wakazi wawili wa Kaniha wanaotaka kupunguza uzito. Mwanamume ana miaka 35, kilo 90 na sentimeta 175. Mama ana miaka 55, kilo 70 na sentimeta 150. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, mwili wa kwanza, ukiwa umepumzika, huunguza takriban kilokalori 1,820 kwa siku. Wa pili 1,200. Wakipangiwa wote 1,500, mwanamume hupungukiwa kabla hajashika jembe, ilhali mama hubakiwa na 300 za kazi zake.

Kazi nayo isikadiriwe kupita kiasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walionyesha kwamba Wahadza wa Ziwa Eyasi, wawindaji watembeao mno, hutumia nishati karibu sawa na Wamarekani wenye miili ya ukubwa uleule.