SOMO: KAZI YA KWANZA SI MWISHO WA NJIA

Wanafunzi wenzetu, wengi wetu tunaogopa: tukikosea kuchagua seksioni, maisha imepotea? Tujifunze kwa mtu mmoja.

Henry Faulds alizaliwa Skotlandi mwaka 1843. Baba yake alipopoteza mali, yeye aliacha masomo akiwa na miaka 13 tu, akaenda kuwa karani kule Glasgow. Kisha miaka mingi akarudilia masomo, akawa munganga. Kanisa lake likamtuma Japani, naye akafungua hospitali Tokyo.

Kule aliona alama za vidole juu ya vyungu vya zamani sana. Akaanza kulinganisha vidole vya watu, akaona kila mtu iko na alama zake mwenyewe. Siku moja mtu alipanda ukuta mweupe, akaacha alama za vidole vyenye masizi. Faulds akazipima: hazikufanana na vidole vya mshitakiwa. Asiye na kosa akaokoka.

Mwaka 1880 aliandika mambo hayo katika gazeti Nature. Polisi ya London ilikataa shauri lake, lakini mwaka 1901 ilifungua ofisi ya alama za vidole.

Ndugu, hatusemi kuchagua si kitu. Tunasema hivi: karani alikuwa munganga, na munganga akasaidia haki. Tusidharau kazi ndogo ya leo, wala mwenzetu aliyekosa minervali akarudi nyumbani.

Maulizo:
1. Sababu gani Faulds aliacha masomo?
2. Alama za vidole zilimsaidia nani?