Saa ya Bei Kubwa, Jina Usilolijua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia Diani hadi Msambweni, saa ya bei kubwa yaweza kukufikia kwa zawadi ya mgeni wa hoteli, kwa jamaa aliyerudi kutoka Ghuba, au kwa dalali wa ufukweni. Kabla hujalipa, soma haya.

Jina silijui. Ni feki?
Si lazima. Wako mafundi huru, wasiomilikiwa na kampuni kubwa, wanaotengeneza saa chache mno. Mwaka 1985, Svend Andersen na Vincent Calabrese waliwaundia chama, AHCI. Philippe Dufour wa Uswisi alitengeneza saa yake ya Simplicity mara 200 na kitu tu. Kwa uchache huo, saa ya namna hii ikiuzwa ufukweni kwa bei ya kutupa, itilie shaka.

Maandishi "Swiss Made" yanatosha?
Hapana. Tangu 2017 Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza saa iwe ya huko. Lakini anayeghushi saa nzima hashindwi kuchapa maneno mawili.

Nikague nini?
Mwombe fundi saa aifungue mbele yako, utazame kwa kioo cha kukuzia. Kingo za vyuma ziwe zimesuguliwa zikang'aa, na vichwa vya skrubu visiwe na mikwaruzo. Tafuta kona za ndani zilizochongoka kama ncha ya sindano: kifaa kinachozunguka huacha kona ya mviringo, ncha hiyo huchongwa kwa mkono. Usidanganywe na akrabu ya sekunde inayoteleza, maana feki nyingi pia hazitumii betri. Linganisha nambari ya saa na ya cheti, kisha mwandikie mtengenezaji mwenyewe aithibitishe.

Fundi akifariki, nani ataitengeneza?
Hili ndilo swali zito kuliko yote. Mafuta ya ndani hukauka, na kila baada ya miaka kadhaa saa lazima ifunguliwe na kusafishwa. George Daniels wa Kisiwa cha Man alifariki 2011, lakini Roger Smith, aliyefanya kazi naye, anaendeleza ufundi huo kisiwani humo. Kwa fundi Daniel Roth mambo yalikuwa mengine: jina lake lilichukuliwa na kampuni ya Bulgari mwaka 2000, naye akiwa bado hai. Basi uliza: fundi ana wanagenzi? Vipuri anachonga peke yake, au vinapatikana kwingine? Ukitakiwa kulipa kabla ya saa kutengenezwa, pesa zako zinalindwa vipi akifunga karakana?

Naweza kuogelea nayo baharini?
Mita 30 iliyoandikwa kwenye saa si ruhusa ya kupiga mbizi. Ni kinga ya matone tu. Mpira wa kuzuia maji huchakaa, na chumvi yetu hula chuma. Ivue.

Nimeuziwa feki. Niende wapi?
Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 inakataza biashara ya bidhaa ghushi. Ripoti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, ukiwa na risiti, ujumbe wa M-Pesa na picha za saa.

Mgeni amenipa zawadi. Nifanye nini?
Kabla hajapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, mwombe cheti cha saa na barua fupi yenye saini yake kwamba amekupa. Siku ukiulizwa umeipata wapi, barua hiyo ndiyo itakayokutetea.